Jinsi ya kutambua maambukizi ya ubongo mapema: anza na swali la "ilianza lini?"

Mgonjwa akifikishwa hospitali kichwa kinauma, ana homa na anaongea vitu havieleweki, swali la maana kuliko yote ni ilianza lini na imeendaje tangu hapo. Watu wanalijibu juu juu tu, "ameanza juzi juzi", "ana siku kadhaa", alafu wanaanza kueleza mambo ya presha ya mwaka jana. Mimi ni nesi na nakuomba ulichukulie hili swali kwa uzito, sababu kila kinachoshambulia ubongo na mishipa ya fahamu kina mwendo wake. Bakteria wanakwenda kwa masaa, virusi vingi kwa siku, TB na fangasi kwa wiki, prioni (protini za ubongo zilizoharibika) kwa miezi. Ukishajua mwendo unajua kama unatakiwa kutoka nyumbani sasa hivi hata kama ni usiku wa manane au una nafasi ya kutafuta daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo kabla hujafanya kitu chochote shika simu uandike. Usiandike hadithi ndefu, andika saa na kilichoonekana. Mfano: "Jana saa mbili usiku alikula vizuri, akaongea kawaida. Saa saba usiku kichwa na homa. Saa kumi katapika mara mbili. Saa kumi na mbili asubuhi hajui leo ni siku gani." Mistari minne tu hiyo na daktari anajua anadili na ugonjwa wa masaa. Kilicho muhimu zaidi ni mara ya mwisho alipoonekana mzima kabisa, hiyo usiikose. Ongeza dawa alizokwishameza, maana mtu aliyekunywa antibayotiki za dukani siku mbili anaweza kua na vipimo vinavyodanganya, bakteria hawaoti maabara lakini kwenye ubongo bado wapo.

Ikiwa ni masaa

Hapa tunaongelea homa ya uti wa mgongo ya bakteria, yaani ngozi laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo zimevimba. Inaweza kumuua mtu aliyekua mzima ndani ya masaa 24. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mgonjwa 1 kati ya 6 wa aina hii ya bakteria anafariki, na 1 kati ya 5 anabaki na madhara makubwa kama uziwi, kifafa au kupoteza kiungo. Wanaosababisha sana ni meningokokasi na nimokokasi, na kwa watoto ambao hawajachanjwa kuna bakteria anayeitwa Hib pia.

Dalili za mtu mzima ni homa, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa, shingo kukakamaa kiasi kwamba kidevu hakifiki kifuani, mwanga unamuumiza macho, anatapika, anachanganyikiwa au analala usingizi usiokua wa kawaida. Usisubiri zikamilike zote! Wengi hawana zote, ukiona mbili zimekaa pamoja, mfano homa na kuchanganyikiwa, tayari hiyo ni safari ya hospitali.

Mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa na hapa ndo watu wanapotezewa watoto. Kichanga anaweza asikakamae shingo, na homa anaweza asiwe nayo, wengine mwili unapoa badala ya kupanda joto. Angalia hivi: anakataa kunyonya, analegea ukimnyanyua mikono inaning'inia, analia kwa sauti kali nyembamba tena analia zaidi ukimbeba badala ya kutulia, au haamki vizuri. Alafu mkalishe wima akiwa ametulia, pitisha kidole taratibu kwenye utosi, ukikuta umetuna na mgumu nenda hospitali hapo hapo, usiite mtu mwingine aje kuthibitisha.

Kuna na vipele. Meningokokasi akiingia kwenye damu anaweza kuleta madoa mekundu au ya zambarau ambayo ukiyakandamiza kwa glasi ya kioo hayapotei. Kwenye ngozi nyeusi hayaonekani kirahisi, kwa hiyo angalia viganja, nyayo, ndani ya mdomo, na vuta kope ya chini uangalie ndani. Lakini ukosefu wa vipele haumaanishi yuko salama, wagonjwa wengi hawana kabisa.

Jambo jingine ambalo linaniuma kila nikiliona, mgonjwa anapimwa malaria, kipimo kinasoma anayo, basi watu wote wanatulia kwamba malaria imepanda kichwani. Inawezekana kweli, vijidudu vya malaria ya falsiparamu vinaziba mishipa midogo ya damu ya ubongo na mtoto anaingia kwenye degedege na kupoteza fahamu, na dawa yake ni sindano ya atesuneti, sio vidonge. Ila pale malaria ilipo nyingi mtu anaweza kua na vijidudu kwenye damu na bado kinachomuua ni homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo uliza wazi wazi, "Daktari, mmeondoa uwezekano wa uti wa mgongo?" Hilo sio swali la kumkosea mtu heshima. Uliza na sukari kama imepimwa, sababu malaria kali inashusha sukari na mtoto mwenye sukari ya chini anapoteza fahamu vile vile.

Mkiwa njiani, mgonjwa aliyelegea fahamu alazwe ubavu, asipewe maji wala uji wala kidonge mdomoni, vitaingia kwenye mapafu. Degedege ikija ondoa vitu vya kumuumiza pembeni, mgeuze ubavu, angalia saa imeanza lini, usimshike kwa nguvu na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika 5 au ikirudi kabla hajazinduka, hiyo ni dharura juu ya dharura.

Sindano ya mgongoni

Nataka nikae hapa kidogo, sababu nimeona familia nyingi zinakataa hiki kipimo. Wanasema mtu akitobolewa mgongo anapooza. Sikiliza jinsi kinavyofanyika. Uti wenyewe wa fahamu kwa mtu mzima unaishia juu, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, sehemu ambayo kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea tu, ambazo mara nyingi zinasogea pembeni sindano ikipita. Mgonjwa analala ubavu amejikunja magoti yanaelekea kifuani, anasafishwa, anachomwa ganzi, alafu maji yanadondoka yenyewe tone kwa tone kwenye vichupa. Wanachukua kidogo tu na mwili unatengeneza mengine siku hiyo hiyo.

Maji yakiwa mazima ni angavu, unaona upande wa pili wa kichupa. Yakitoka na ukungu au yanaelekea usaha jibu limeanza kuonekana hata kabla ya maabara. Maabara wanahesabu chembe nyeupe, wanapima protini, wanalinganisha sukari ya kwenye maji na ya kwenye damu, bakteria wanakula sukari kwa hiyo inashuka. Hapo ndo inajulikana ni bakteria, virusi, TB au fangasi, na bila hivyo mtu anatibiwa kwa kubahatisha.

Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma siku chache, kinazidi ukikaa wima na kinapungua ukilala. Zipo hali ambazo daktari ataahirisha kipimo, kama kuna dalili za uvimbe mkubwa ndani ya kichwa, upande mmoja wa mwili umelegea, damu haigandi, au ngozi ya hapo mgongoni ina vidonda, na pengine atataka CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwanza. Sawa. Ila dawa hazisubiri kipimo. Antibayotiki ya mshipani, mara nyingi seftriaksoni, inatakiwa ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike, na hospitali nyingi zinatoa deksamethasoni pamoja na dozi ya kwanza ili kupunguza uziwi. Ukiambiwa foleni ya skani ni kesho, uliza taratibu kama dawa imeshaanza.

Watu mnaoishi nae nyumba moja, ikithibitishwa ni meningokokasi, mnatakiwa kupewa dawa ya kinga haraka, mfano siprofloksasini ya mara moja au rifampisini. Hii familia huwa zinasahau kabisa sababu macho yote yako kwa mgonjwa.

Ikiwa ni siku

Mwendo wa siku chache na tabia imebadilika, fikiria ubongo wenyewe umeshambuliwa, mara nyingi na virusi. Ninachotaka ukikumbuke ni virusi vya hepesi, vile vile vinavyoleta vidonda vya mdomoni. Vikiingia kwenye ubongo vinapenda sehemu za pembeni karibu na masikio, ambako kuna kumbukumbu, lugha na hisia. Ndo maana mgonjwa anaanza kunusa harufu ambazo hazipo, anasahau jina la mtoto wake, anakua mkali au anaongea maneno yasiyoungana, na homa ipo. Ndugu wanasema amechanganyikiwa akili, amerogwa, ana msongo wa mawazo, wanampeleka kwingine kote. Bila dawa zaidi ya nusu wanafariki, na dawa ipo, asaikloviri ya kwenye dripu wiki mbili hadi tatu. Vidonge havitoshi kwa ubongo. Mtu yeyote aliyebadilika akili ghafla na ana homa ni mgonjwa wa mwili mpaka itakapothibitishwa vingine, hilo mimi silijadili.

Ikiwa ni wiki

Kichwa kinachouma wiki mbili tatu, kinazidi kidogo kidogo, panadol haikati tena, homa za jioni, kukonda, alafu mtu anaanza kuona vitu viwili viwili. Hapo inakuja homa ya uti wa mgongo inayoletwa na TB au na fangasi anaitwa kriptokokasi. Huyu fangasi anakaa kwenye udongo na mavi ya ndege, karibu wote tunamvuta puani na hatudhuriki, ila mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, CD4 (idadi ya chembe za kinga kwenye damu) chini ya 100 hasa, anapanda hadi kwenye ubongo. Kipimo cha damu cha kumtambua ni rahisi na kinaweza kumnasa kabla hata kichwa hakijaanza kuuma, kwa hiyo mwenye VVU na CD4 ndogo aombe apimwe.

Kinachowaua wengi kwenye kriptokokasi ni presha ya maji ndani ya kichwa. Hapo sindano ya mgongoni inakua matibabu pia, wanatoa maji na kichwa kinapungua kuuma, na inaweza kurudiwa kila siku mpaka presha itulie. Wagonjwa wanaokataa ya pili nawaelewa wamechoka, ila ndo inayowaokoa macho na maisha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya laiposomu ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli wiki mbili. Na kama hajaanza ARV, asianze mwenyewe siku hiyo hiyo, hapa zinacheleweshwa wiki 4 hadi 6 kwa makusudi, sababu kinga ikiamka ghafla ubongo unavimba.

TB ya ubongo inahitaji dawa kwa muda mrefu kuliko ya mapafu, kawaida karibu mwaka, pamoja na steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, mwanzoni. Mgonjwa akipata nafuu mwezi wa tatu akaacha, inarudi.

Kung'atwa na mnyama: hapa saa inaanza kabla hujaumwa

Kichaa cha mbwa nimekiweka peke yake sababu hakifuati mpango wa juu. Dalili zikishaanza karibu kila mtu anafariki, hamna hospitali ya kukimbilia. Watu wanaokadiriwa 59,000 wanafariki kila mwaka, na karibu wote ni kwa mbwa. Lakini virusi vinasafiri taratibu ndani ya mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha kwenda kichwani, mara nyingi miezi 2 hadi 3, na ndani ya huo muda unaweza kuvizuia.

Kwa hiyo umeng'atwa, umekwaruzwa, au mbwa amelamba kidonda kilicho wazi: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukiangalia saa, sio kusuuza. Fungua jeraha kwa vidole, povu liingie mpaka ndani, mtoto atalia, endelea. Baada ya hapo paka iodini au spiriti kama ipo. Usipake pilipili, mafuta, majivu wala dawa ya meno, na jeraha lisiharakishwe kushonwa. Alafu nenda ukaanze chanjo siku hiyo hiyo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Jeraha likiwa limetoboa ngozi uliza kuhusu kinga ya kuchomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe, ambayo ina kikomo cha siku 7 tangu chanjo ya kwanza. Maliza sindano zote za ratiba uliyopewa. Umechelewa wiki mbili? Nenda tu. Na popo akikugusa ngozi usidharau, meno yake ni madogo alama inaweza isionekane. Ukiwa hapo uliza na chanjo ya pepopunda.

Ikiwa ni miezi: prioni

Hapa hamna bakteria wala virusi. Prioni ni protini ambayo kila mtu anayo kwenye ubongo wake, ikijikunja vibaya inazilazimisha zilizo nzima nazo zijikunje vile vile, kama unga uliochacha unavyochachusha mzima. Mwanasayansi Stanley Prusiner ndo aliipa jina hilo mwaka 1982 na akapata Nobeli 1997, miaka hiyo ya mwanzo wanasayansi wengi walimpinga kwamba kitu kisicho na vinasaba hakiwezi kuambukiza. Mwili hautoi homa, hautengenezi kinga dhidi yake, na ubongo unabaki na vitobo vitobo.

Ugonjwa wake mkubwa kwa binadamu ni wa Creutzfeldt-Jakob, mtu 1 hadi 2 kwa kila milioni kwa mwaka, na karibu asilimia 85 unakuja wenyewe bila sababu inayojulikana, wengine ni wa kurithi. Mtu wa miaka sitini na kitu alikua anaendesha shughuli zake, ndani ya miezi anasahau, anayumba akitembea, haoni vizuri, mikono na miguu inashtuka shtuka hasa ukipiga kelele, mwisho haongei. Wengi wanafariki ndani ya mwaka. Usahaulifu wa kawaida wa uzeeni unachukua miaka, huu unaona tofauti ya mwezi huu na uliopita.

Ukiambiwa inaweza kua prioni, usikubali kurudi nyumbani kabla ya vinavyotibika kuondolewa: kaswende ya ubongo, VVU, upungufu wa B12, tezi ya shingo, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka hata wiki kadhaa nyuma, dawa anazomeza, na hasa uvimbe wa ubongo unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, huo unafanana sana na prioni na watu wanapona. Vipimo vya prioni ni MRI, kipimo cha umeme wa ubongo, na kipimo cha maji ya mgongo kinaitwa RT-QuIC ambacho kinaikuza protini mbovu mpaka ionekane.

Kuhusu kuambukiza, watu wanaogopa pasipotakiwa. Haiambukizi kwa kumshika, kumkumbatia, kula sahani moja, kufua nguo zake wala kulala nae. Kinachoambukiza ni ubongo, uti wa mgongo na macho, ndo maana zamani ilipita kwenye homoni za ukuaji zilizotolewa kwa maiti na vifaa vya upasuaji wa ubongo, kwa sababu joto la kawaida la kuchemshia vifaa haliui prioni na fomalini ndo kabisa haifai. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumwambia daktari wa upasuaji na wa meno mapema, kabla hawajafungua vifaa, na mgonjwa asitoe damu wala kiungo. Akifariki, kama kichwa hakijafunguliwa kwa uchunguzi, mnaweza kumshika na kumuaga.

Kuna aina mbili zilizopitia kwenye kula. Kuru iliwapata watu wa kabila la Fore kule Papua New Guinea waliokua wanakula miili ya ndugu zao kwenye mazishi, desturi iliachwa karibu 1960 lakini wengine waliugua zaidi ya miaka 50 baadae. Nyingine ni ng'ombe kichaa wa Uingereza, ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wenzao, ugonjwa ukagundulika 1986, na 1996 ikatangazwa kua watu wameanza kuupata. Uingereza imepoteza watu 178. Kupika hakusaidii, kilichosaidia ni kuzuia hicho chakula cha mifugo na kuondoa ubongo na uti wa mgongo machinjioni. Maziwa hayajawahi kuonyeshwa kua na tatizo.

Dawa ya kutibu prioni haipo bado. Ipo ya kupunguza kushtuka shtuka na maumivu, chumba kitulie, mwanga usiwe mkali, mgeuze kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, chakula kilainishwe mapema kabla hajaanza kupaliwa. Na kama ni wa kurithi, ndugu wapate ushauri kwanza kabla ya kupima vinasaba, wengine wanachagua kutojua na ni haki yao.

Baada ya kutoka wodini

Aliyepona homa ya uti wa mgongo ya bakteria apimwe masikio, kabla ya kuruhusiwa au ndani ya wiki 4. Mtoto mdogo hawezi kukwambia hasikii, utaona tu amekua mtukutu au amerudi nyuma kuongea, na watu wanasema ameharibiwa na kulazwa. Ikionekana hasikii vizuri usikubali kuambiwa subirini mwaka ujao tutaona, kwa sababu baada ya huu ugonjwa sehemu ya ndani ya sikio inaweza kuanza kugeuka mfupa, na ikishaziba kifaa cha kupandikiza cha kusikilizia ni shida kukiingiza. Omba rufaa ya bingwa wa masikio wiki hiyo hiyo na uwaambie kabisa kwenye barua iandikwe aliugua uti wa mgongo na tarehe.